Mashahidi wa Kiangazi

Katika lugha ya watu wa pwani na visiwani, mawe yasimamishwayo juu ya kaburi, moja upande wa kichwa na jingine upande wa miguu, huitwa mashahidi. Jina hilo halikutolewa ovyo. Shahidi ni yule aliyekuwapo, akaona, na akiulizwa hana budi kusema. Jiwe la kaburini limekabidhiwa kazi iyo hiyo: lieleze kwamba hapa amelala mtu, naye alikuwa na jina, wazazi na majirani, basi asikanyagwe. Tatizo ni kwamba shahidi wa jiwe haonekani mwaka mzima. Masika yakishuka, magugu hupanda hadi kiunoni, mimea itambaayo ikamfunika gubigubi, na mpita njia akapita asijue kuwa anapita juu ya watu. Kinachomrudisha shahidi huyo mbele ya macho ni kiangazi.

Kiangazi cha mwambao wa kaskazini kina tabia zake. Pepo za kaskazi huanza mwezi wa Desemba, zikakolea Januari na Februari, na ifikapo Machi joto huwa limeshika na mvua za vuli zimekwisha kusahauliwa. Mibuyu hupukutisha majani. Nyasi hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu, kisha hulala chini. Hapo ndipo vichaka vya kisiwa cha Manda, au vya Tongoni kusini ya Tanga, au vya Ras Mkumbuu huko Pemba, hufunguka kama chumba kilichoondolewa pazia. Ukuta uliokuwa umezama katika kijani huonekana umbo lake lote, na juu yake hutokeza mnara wa kaburi ambao miezi sita iliyopita usingaliweza kuutenga na shina la mti. Kwa sababu hiyo watu wapigao picha za magofu na makaburi ya kale hulisubiri jua hili ambalo wengine wote hulikimbia.

Wapenzi wa ushairi wana neno lao kwa jambo hili. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate, alipotunga Al-Inkishafi kiasi cha karne mbili zilizopita, aliupa utenzi wake jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka, kilichositirika kikawa wazi. Aliziangalia nyumba za Pate zilizokuwa za fahari na sasa ni makao ya popo na bundi, akazitumia kuuonya moyo wake. Hakuwa na kamera, kwani ufundi wa picha ulitangazwa huko Paris mwaka 1839 tu, wala haukuwa umefika pwani hii. Lakini alichokifanya hakiko mbali na kazi ya mpiga picha mwenye nia: alisimama mbele ya mahame, akatazama bila haraka, akaondoka na jambo la kuwapa walio hai. Kiangazi, kwa maana hiyo, ni inkishafi ya nchi yenyewe. Ardhi huvua nguo na kuonyesha ilichokificha.

Liko jambo jingine ambalo wenye kamera hulijua na wenye kusoma vitabu hulisahau, nalo ni njia ya jua. Makka, kwa mtu aliyeko Lamu, iko karibu kaskazini halisi. Kwa hiyo mihrabu ya misikiti yote ya kale ya upande huu imejengwa katika ukuta wa kaskazini, na uso wake, ule unaowaelekea wenye kusali, watazama kusini. Lamu nayo iko chini kidogo ya Ikweta. Tangu mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini wa mji. Miezi mingine hupita kaskazini. Matokeo yake ni kwamba wakati wa kusi mihrabu ya msikiti uliobomoka paa hukaa kivulini, ilhali wakati wa kaskazi jua huingia humo moja kwa moja, likamulika nakshi za matumbawe, nguzo ndogo za pembeni na upinde wa juu.

Makaburi nayo yanafuata hesabu iyo hiyo. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kuume akielekea kibla. Kwa pwani hii, basi, kichwa huwa mashariki na miguu magharibi, na kuta ndefu za kaburi hutazama kaskazini na kusini. Asubuhi ya Januari jua linapochomoza kutoka kusini mashariki, miale yake haiupigi ukuta wa kusini kifudifudi. Huupitia kwa ubavu, kama mkono wa mtu apapasaye kitambaa. Kila mchoro uliochongwa, hata ule uliolika kwa mvua za miaka mia tatu, hupata kivuli chake na kusomeka. Baada ya saa tatu jambo hilo limekwisha. Jua limepanda, mawe yote yamekuwa meupe sawasawa, na maandishi yamerudi mafichoni. Anayetaka kuyasoma hana budi kungoja alasiri au kurejea kesho yake alfajiri.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana ni Takwa, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Kufika huko ni kwa mashua, kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na bahari haimngoji mtu: huingia na maji kujaa, na asiyeondoka kabla ya maji kupwa atalala huko na mbu. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili katika karne ya 16 na ya 17, wenye ukuta wa kuuzunguka, msikiti wa Ijumaa na nyumba za mawe zipatazo mia. Juu ya ukuta wa kibla wa msikiti ule umesimama mnara, jambo lisilo la kawaida, na masimulizi yanasema kwamba chini yake amezikwa mtu mwema. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi jingine la mnara, refu, lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani 1683. Kabla ya karne ile kwisha mji ulikuwa umehamwa. Sababu zitajwazo ni ugomvi na Pate na, khasa, maji: visima viligeuka chumvi. Watu wakavuka hori wakaenda kukaa Shela, katika kisiwa cha Lamu, na kizazi chao kiko huko mpaka leo.

Mpiga picha anayefika Takwa mara ya kwanza katika kiangazi huona uzuri, na si kosa kuuona. Mibuyu mikubwa imesimama ndani ya vyumba ambamo zamani watu walilala. Kuta za matumbawe zina rangi ya majivu upande mmoja na ya asali upande wa pili. Mnara wa kaburi wakatiza mbingu isiyo na wingu hata moja. Ni rahisi kuifanya picha ya namna hii, na ni rahisi kuiuza, kwani wageni wanapenda magofu matupu. Lakini mbingu ile isiyo na wingu, inayopendeza mno katika picha, ndiyo balaa la wenye nchi. Picha inaweza kuwa nzuri na isijue kuwa inaonyesha msiba.

Watu wa Shela wanalijua hilo. Tangu zamani wamekuwa na ada ya kuvuka kwenda Takwa, mara mbili kwa mwaka, kulizuru kaburi lile la nje ya ukuta na kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Tuyafikiri maana ya safari hiyo. Watu ambao wazee wao walihama kwa sababu ya maji yaliyoharibika wanarudi katika mji uleule, kwa wafu walewale, kuomba maji. Anayeliona kaburi lile kuwa ni gofu la kale tu hajaelewa alichokipiga picha. Kaburi lile lina kazi. Lina zamu yake katika mwaka wa walio hai, kama vile kisima, shamba na msikiti.

Ukame uliozikumba nchi za Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 uliifanya maana hiyo kuwa nzito zaidi. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Mwezi Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa ukame ule ni janga la taifa, na Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Katika kisiwa cha Pate, ambako watu hutegemea majabia yanayokinga maji ya mvua, jabia tupu ni habari ambayo haihitaji kuelezwa na gazeti. Wanasayansi waliouchunguza ukame ule walieleza mwaka 2023 kuwa joto lililozidi duniani ndilo lililoikausha ardhi kupita kiasi. Kisha, mwishoni mwa mwaka huo huo, zikashuka mvua za El Niño na mafuriko. Picha zilizopigwa katika makaburi ya pwani katika miaka ile ni picha safi kupita kawaida: nyasi haba, kuta wazi, kila shahidi mahali pake. Siku moja watakaozitazama watasema mpiga picha alibahatika. Yapasa waambiwe pia bahati ile ilikuwa na bei gani, na ililipwa na nani.

Kiangazi chenyewe, pamoja na kufunua, hubomoa. Mawe ya nyumba na makaburi haya yametoka baharini. Ni matumbawe, na chokaa yake imechomwa kutokana na matumbawe. Chumvi iko ndani yake na huongezwa na upepo wa pwani. Wakati wa unyevu chumvi hiyo huyeyuka ikatulia. Jua likikaza, maji hutoka juu ya ukuta na kuiacha chumvi ikiganda chini ya ngozi ya chokaa, ikaisukuma nje kidogo kidogo hadi ikabanduka. Hivyo chumvi iliyowatoa watu wa Takwa katika visima vyao haijaisha kazi. Inaendelea kuwatoa majina yao katika mawe. Herufi iliyosomeka Januari hii yaweza kuwa unga Januari ijayo. Hii ndiyo hoja kubwa ya kupiga picha, wala si uzuri: kila kiangazi huonyesha maandishi na kila kiangazi huyapunguza.

Makaburi ya minara si ya Takwa peke yake. Yametapakaa tangu pwani ya kusini ya Somalia hadi Tanzania, na mfano wake hasa haupatikani Uarabuni wala Uajemi. Ni ubunifu wa watu wa mwambao huu. Malindi yapo kando ya msikiti wa Juma. Kilifi yapo Mnarani, na mji wenyewe umechukua jina la mnara. Gede, ambapo James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948 na ambapo pameingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, ambalo limesaidia kuupimia umri mji mzima. Kaole, karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi yamesimama jirani na mibuyu. Ras Mkumbuu, Pemba, yako mwishoni mwa ulimi wa nchi kavu uingiao baharini. Na Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini ya mji wa Tanga, kuna zaidi ya makaburi 20 ya minara, wingi ambao hautajwi mahali pengine. Jina lenyewe lasema yote: tongo ni mahali palipohamwa. Minara mingi ya hapo imeanguka, na mingine imelala vipande vipande kando ya kaburi lake kama bakora ya mzee aliyesinzia.

Katika minara na kuta za makaburi mengi kati ya haya mafundi walitia bakuli na sahani za Kichina, kila moja katika kidaka chake cha mviringo. Zilikuwa pambo na zilikuwa heshima, kwani chombo kile kilivuka bahari nzima kabla ya kufika kaburini. Leo, mahali pengi, kilichobaki ni kidaka kitupu. Bakuli zimeng'olewa kwa ncha za visu na patasi, moja baada ya moja, na wasafiri, wakusanyaji wa vitu vya kale, na watu waliohitaji fedha ya siku mbili. Hasara yake si ya pambo peke yake. Wataalamu hukadiria umri wa kaburi lisilo na maandishi kwa kuitambua kauri iliyotiwa ndani yake, kwa kuwa kaburi haliwezi kuwa kongwe kuliko bakuli lililojengewa. Bakuli likiondoka, linaondoka na tarehe. Kaburi linabaki bubu.

Hapa ndipo picha ya zamani inapopata thamani ambayo mpigaji wake huenda hakuifikiria. Picha moja iliyofifia, iliyopigwa na mtumishi wa serikali au msafiri wa kupita, ikionyesha bakuli likiwa bado mahali pake, yaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee uliosalia. Visiwa vyetu si wageni wa kazi hii. Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wenye maduka tangu karne ya 19, na studio ya Capital Art, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilihifadhi sura za watu na mitaa kwa muda wa vizazi viwili. Lakini kamera za mjini zilipenda walio hai na wakubwa: masultani, maharusi, gwaride, barabara. Makaburi ya porini yalikuwa mbali, na njia yake ilikuwa miiba. Ndiyo maana kumbukumbu ya picha za makaburi haya ni haba kuliko inavyostahili, na nyingi ziko katika makabati ya nchi za mbali.

Wapo wasemao kwamba ni heri iwe haba. Hoja zao zisipuuzwe. Ya kwanza ni kwamba kaburi si mandhari. Ni nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu haipigwi picha bila idhini. Ya pili ni kwamba picha humwonyesha njia mwizi. Bakuli lililosalimika kwa sababu halikujulikana likichapishwa leo na jina la mahali lilipo, kesho kidaka chake kitakuwa kitupu. Ya tatu ni kwamba kamera huwafundisha vijana kuyatazama makaburi kwa jicho la mgeni. Kijana aliyezoea kupita pale akitoa salamu ya wafu, sasa hupita akitafuta pembe nzuri ya kujipiga kwa simu yake, mgongo wake umeegemea mnara na mguu wake uko juu ya mwanandani.

Hoja ya kwanza yajibiwa na adabu. Mtu aingiaye makaburini huanza kwa salamu, na kamera haimwondolei wajibu huo. Huomba ruhusa kwa wenye mji au kwa walinzi. Hukaa pembeni siku ya ziara, na watu wanapoinua mikono kuomba mvua huishusha kamera yake, kwa sababu dua ile haikusomwa kwa ajili yake. Hoja ya pili yajibiwa na uaminifu: picha ya kitu kilicho hatarini huwekwa mahali pa kuhifadhia, haitangazwi sokoni. Idara za mambo ya kale zina haja nayo kuliko kalenda za mahoteli. Hoja ya tatu ni ngumu zaidi, kwa sababu haihusu kamera bali mafunzo. Kijana haachi heshima kwa kuwa ana simu. Huiacha kwa kuwa hakuna aliyemwambia kaburi lile ni la nani.

Yupo pia mpiga picha asiyehitaji kuonywa, na kazi yake inatambulikana kwa ukavu wake. Huchukua ufito uliotiwa alama kila nusu mita, akausimamisha kando ya mnara ili atakayeitazama picha baadaye ajue kimo chake. Huandika siku, saa na upande aliosimama. Hupiga pande zote nne, hata ule usiopendeza, hata ule uliotiwa saruji vibaya. Mwaka unaofuata, katika mwezi uleule na saa ileile, hurudi akasimama mahali palepale. Picha moja ya mnara wa Tongoni ni kumbukumbu; picha kumi za mnara mmoja katika viangazi kumi ni ushahidi. Zinaonyesha ufa ulipoanzia, mzizi wa mti ulipoingilia, na mwaka gani kipande kilianguka. Mafundi wakija kutengeneza hawatabahatisha. Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mradi wake uitwao Zamani, kimepima majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza, na vipimo hivyo ni hazina. Lakini vyombo vile vya ghali haviwezi kufika kila tongo kila mwaka. Mtu mmoja mwenye kamera ya kawaida, ufito na subira, anaweza.

Wala kazi hiyo haiishii kwenye minara. Minara ilijengewa wachache: wenye vyeo, masharifu, wenye mali. Kiangazi hakina upendeleo huo. Nyasi zinapolala kuzunguka kaburi la mwenye mnara, huonekana pia vipande vya matumbawe visivyochongwa, viwili viwili, safu baada ya safu, vimeinama kila upande. Hao ni mabaharia, washonaji, wapishi, wanawake waliokufa katika uzazi, watoto, watumwa. Hawana tarehe wala maandishi. Shahidi wao ni jiwe lililookotwa ufukweni. Picha za vitabuni karibu zote huwaacha nje ya fremu, kwa kuwa hawana la kuonyesha. Lakini bila ya wao mji haukuwa mji, na wao ndio wa kwanza kupotea shamba linapolimwa au kiwanja kinapouzwa.

Hata mandhari isiyo na jiwe yaweza kuwa makaburini. Nyuma ya ufuo wa Shela, ufuo wa kilomita zipatazo 12, vimeinuka vilima vya mchanga. Mwanzoni mwa karne ya 19, karibu mwaka 1812, hapo vilipiganwa vita vya Shela, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate. Wazee husimulia kwamba upepo ukihamisha mchanga, huenda mifupa ya waliouawa ikatokeza. Na chini ya vilima hivyo hivyo ndimo yanamohifadhiwa maji baridi yanayonywewa na mji wa Lamu: mvua hunywewa na mchanga, mchanga huyachuja na kuyatunza juu ya maji ya chumvi. Anayepiga picha ya vilima vile wakati wa kaskazi, vikiwa na mikunjo ya upepo na kivuli cha buluu, apiga picha ya kaburi na ya kisima kwa mara moja. Anayejenga hoteli juu yake huvivunja vyote viwili.

Swali la mwisho ni picha hizi zikae wapi. Maji ya kisima cha jirani hayamtoi mtu kiu mpaka aruhusiwe kuteka, na picha za Takwa zilizofungiwa katika chuo cha Ulaya hazimfai mtoto wa Shela. Nakala moja irudi ilikotoka: msikitini, madrasani, skuli, kwa mlinzi wa magofu. Ikifika huko, picha hupata kitu ambacho haikuwa nacho. Mzee ataitazama na kusema kwamba kaburi lile la pembeni, lisilo na maandishi, ni la babu wa fulani, na kwamba mahali pale palikuwa na mlango. Mwingine atambishia. Mjadala ule uandikwe nyuma ya picha, pamoja na majina ya waliosema, maana wao nao ni mashahidi na hawatakaa milele.

Mvua, inshallah, itashuka. Machi ikiisha upepo hugeuka, mawingu huja kutoka baharini, na kwa siku chache tu nyasi huinuka tena juu ya mashahidi wakubwa na wadogo. Majabia yajae, visima vitamke maji matamu, wala asiwepo wa kuusikitikia mwanga uliopotea. Mpiga picha aliyefanya kazi yake vyema atafurahi pamoja na wenye nchi. Atakuwa ameyabeba majina yaliyosomeka mwaka huu, na wakati mji umepumzika na kiangazi, yeye ataketi kuyanakili.